Trei Isiyo na Kadi

Bibi aliiweka ile chupa juu ya meza kama mtu anayeshusha nge kutoka kwenye koleo, kisha akairudisha mikono yake mapajani.

"Ndiyo hiyo," alisema. "Hiyo ndiyo iliyonifukuzisha kwangu."

Mkaguzi hakuigusa kwanza. Aliinama, akaichunguza kwa macho: chupa ndogo ya kioo cha kahawia, kifuniko cheusi, lebo ya zambarau isiyo na mkunjo hata mmoja. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mkoba mzito, ametoka ofisi ya usalama wa bidhaa, na kazi yake kubwa ilikuwa kusoma yale maandishi madogo ambayo watu wengi huyaruka. Siku hiyo, kabla ofisi hazijafungwa, polisi walikuwa wanasubiri neno lake. Je, huyu mama mtu mzima alimpaka mjukuu wake mafuta yasiyomfaa, au mafuta yenyewe ndiyo yaliyomdanganya?

Mtoto alikuwa bado hajaanza hata kukaa. Alilazwa baada ya kupakwa mafuta kifuani na kushindwa kuvuta pumzi. Sasa alikuwa na nafuu, ila mama yake, mkwe wa bibi, alikuwa ameapa kwamba bibi hatamshika tena maisha yake yote, na kituoni jalada lilikuwa limeshafunguliwa. Tangu hapo bibi alikuwa analala kwa jirani, katika chumba hiki chenye kitanda kimoja na cherehani.

"Asingekuwa huyu jirani yangu, hata hiyo chupa tusingekuwa nayo," bibi alisema. "Mkwe wangu aliitupa jalalani. Huyu akaingia kuitafuta na nguo zake safi."

"Na viatu vya kutokea," jirani alidakia akiwa mlangoni. "Paka wote wa mtaa walinikodolea macho. Walidhani wamepata mshindani."

"Mungu akulipe," bibi alisema, wala hakuwa anatania.

Mkaguzi alivaa glavu, akaketi. "Bibi, nieleze polepole. Ulimpaka wapi?"

"Kifuani na mgongoni. Kidogo tu, kwa ncha ya kidole. Lebo yenyewe inasema hivyo, soma uone. Lavenda iliyochanganywa, inafaa kwa watoto wachanga, paka kifuani. Nikapaka kifuani."

"Uliisoma mwenyewe?"

"Kwani macho yangu yako likizo? Niliisoma. Nikaenda kuchukua miwani, nikaisoma tena."

"Na harufu yake?"

"Ilinipiga puani hapa, kali kama dawa ya mafua. Nikasema, aha, kumbe lavenda ndiyo hii." Bibi alifungua viganja vyake. "Mwanangu, mimi lavenda sijawahi kuiona tangu nizaliwe. Shamba lake silijui, ua lake silijui. Ukiniambia inanuka hivi, basi kwangu inanuka hivyo."

Mkaguzi alifungua kifuniko. Hakuhitaji kuikaribia pua. Harufu ya mkaratusi ilijaa chumbani mara moja, na jirani akapiga chafya. Mkaguzi alichukua karatasi nyeupe, akadondosha tone moja, akaiweka dirishani kwenye jua.

"Mkwe wako anasema una chupa nyingine," alisema bila kuinua sauti. "Ya mkaratusi, ya magoti. Anasema ulichanganya. Ukachukua ya magoti ukaipaka kifuani kwa mtoto."

"Ninayo. Kwani nimeificha?" Bibi alivuta mfuko wa nguo uliokuwa chini ya kitanda, akatoa chupa nyingine, pacha wa ile ya kwanza ila kwa lebo ya kijani. "Nilizinunua pamoja, duka moja. Hii sijaifungua bado. Magoti yalipoona nimeyanunulia dawa yakatulia yenyewe."

Mkaguzi aliigeuza kwenye mwanga. Pete nyembamba ya plastiki chini ya kifuniko ilikuwa nzima. Pete hiyo hukatika mara mtu anapofungua chupa kwa mara ya kwanza, na ikishakatika hairudi. Kwa hiyo neno la mkwe kwamba bibi alipaka mafuta ya magoti lilikuwa limekufa hapo hapo. Lakini Mkaguzi hakulisema bado.

"Unaifungua?" aliuliza jirani.

"Siifungui hapa. Nikiifungua hapa watasema tumeichezea. Nitaifungulia mbele ya aliyeiuza."

Karatasi dirishani ilikuwa imekauka. Mkaguzi aliinyanyua, akaitazama upande huu na upande ule. Haikuwa na doa.

"Mafuta yaliyochanganywa kwa ajili ya mtoto yangeacha doa, kama maandazi kwenye gazeti," alieleza. "Haya yameruka yote. Ni mafuta makali, hayajachanganywa na kitu."

Bibi aliitazama ile karatasi tupu. "Kwa hiyo nilimpaka moto," alisema.

"Ulimpaka kilichoandikwa," Mkaguzi alijibu. "Sasa nataka kujua nani alikiandika."

*

Mwenye duka alikuwa anajulikana mtaani kwa jina la Bwana Tiba, na ukiingia dukani mwake ulijua kwa nini. Kila kitu rafuni kilikuwa kinatibu kitu. Sabuni zilitibu, ubani ulitibu, mishumaa ya harufu ilitibu. Kwenye rafu na juu ya baadhi ya lebo za kiwanda alikuwa amebandika vikaratasi vyake mwenyewe vya njano, vya herufi nene.

Mkaguzi alisoma kimoja kwa sauti. "Hutibu mafua, pumu, baridi yabisi, kukosa usingizi na mikosi." Aliinua macho. "Na mikosi?"

"Wateja wanaipenda sana hiyo," alisema Bwana Tiba. Alikuwa mwanamume mnene mwenye tabasamu la haraka. "Dada yangu, ukiandika inanukia vizuri, nani atanunua? Kila mtu ana kitu kinachonukia vizuri."

"Mafuta ya kunukia ni ya kunukia. Ukisema yanatibu, yamekuwa dawa, na dawa ina ofisi yake na vibali vyake. Wewe unavyo?"

Tabasamu lilipungua kidogo. "Vinakuja."

Mkaguzi aliingiza ukucha chini ya kikaratasi kimoja, kwenye chupa ya mkaratusi, akakivuta taratibu. Chini yake yakatokea maandishi madogo ya mtengenezaji: Kwa matumizi ya nje tu. Usinywe. Changanya kabla ya kupaka. Usimpake mtoto mdogo. Weka mbali na macho.

"Umeziba maneno muhimu kuliko yote kwenye chupa," alisema.

"Mimi nilitafuta mahali palipo wazi!"

"Palikuwa na maandishi."

"Madogo hivyo? Nilidhani ni mapambo."

Mteja mmoja, mwanamke aliyekuwa anachagua sabuni, alicheka hadi akashika kaunta. Mkaguzi akamwomba asiondoke. Alihitaji shahidi. Alitoa chupa ya kijani ya bibi, akawaonyesha pete yake nzima, kisha akakizungusha kifuniko mbele yao. Pete ikakatika kwa mlio mdogo.

Harufu iliyotoka ilikuwa laini na tamu, ya maua. Lebo ilisema mkaratusi. Ndani mlikuwa na lavenda.

Bwana Tiba alirudi nyuma hatua nzima. "Hapana. Usinitazame hivyo. Mimi kubandika nimebandika, sikatai, naomba radhi hata kwa kiti hiki. Lakini sijafungua chupa ya mtu. Sijabadilisha kitu ndani."

"Wiki zote hizi hakuna mteja aliyelalamika?"

"Kalalamika mmoja. Mzee wa mgongo. Alirudisha mkaratusi, akasema unanukia kama harusi. Nikamwambia labda mgongo wake umefurahi."

"Ile chupa uliipeleka wapi?"

"Nilimpa mke wangu. Ananukia kama harusi mpaka leo."

Mkaguzi hakucheka, ingawa shavu lake lilitetemeka. Kama ingekuwa kesi ya kumfunga mtu mwenye sura ya hatia, Bwana Tiba angekuwa amejifunga mwenyewe zamani. Alikuwa na vikaratasi, alikuwa na gundi, alikuwa na mdomo. Lakini pete ya chupa ile ilimtetea. Mkaguzi aliomba chupa zote za zambarau na za kijani zilizobaki, akazipanga kaunta kwa namba ya toleo iliyochapwa chini ya kila lebo. Alichagua zile za toleo moja na za bibi. Zote zilikuwa na pete nzima. Alifungua ya zambarau, na mkaratusi ukawapiga puani. Alidondosha tone kwenye karatasi, nalo likakauka bila doa. Alifungua ya kijani, ikatoka harufu ya maua, na karatasi ikaloa mafuta. Kisha akafungua ya zambarau ya toleo jingine, na hiyo ikawa lavenda kama ilivyoandikwa.

"Basi si wewe," alisema.

Bwana Tiba alifuta uso kwa leso. "Ahsante, dada. Ahsante sana. Nilikuwa nimeshaanza kujiaga."

"Usiwahi kushukuru. Chupa hizi zimegeuziwa lebo kabla hazijakufikia. Lakini yule bibi hakuja kwako kutafuta lavenda. Alikuja na mjukuu mwenye mafua, akaona rafuni kikaratasi chako kinasema hutibu mafua. Ungekiacha kisiwepo, angekwenda zahanati."

Hata mwanamke wa sabuni hakucheka tena.

Bwana Tiba alianza kubandua. Hakuambiwa. Alianza rafu ya juu, akawa anavuta kikaratasi kimoja kimoja na kukirundika kaunta. "Kuna watu wawili tu wengine walionunua hizi za zambarau za toleo hili," alisema akiwa amegeukia ukuta. "Mmoja ni mke wa fundi saa. Mwingine anaishi juu ya duka la rangi. Naenda mwenyewe. Naenda sasa hivi, nafunga duka."

"Nenda. Zilete ofisini na pete zake, zilizofunguliwa na zisizofunguliwa."

*

Karakana iliyoandikwa kwenye lebo kama mtengenezaji ilikuwa nyuma ya jengo la wauza vitambaa, na Mkaguzi alikiri moyoni kwamba hakuwa ameona karakana safi kama ile. Sakafu ilimeremeta. Upande mmoja kilikuwa chumba cha kujazia, ambako chupa zilijazwa na kufungwa kwa mashine ndogo ya mkono. Kisha ziliwekwa kwenye trei za bati na kusukumwa kupitia dirisha dogo la ukutani hadi meza ya lebo upande wa pili. Wanawake wawili ndio walioiendesha. Mkubwa, ambaye kila mtu katika biashara ile alimwita Malkia, na mdogo wake wa tumbo moja.

"Karibu, karibu," alisema Malkia. Alikuwa mrefu, koti lake jeupe limenyooshwa kwa pasi hadi kwenye mifuko. "Nimesikia habari za mtoto. Sikulala. Lakini kwetu hapa haiwezekani. Uliza mjini kote."

Mkaguzi alisimama mbele ya zile trei zilizokuwa zinasubiri lebo. Chupa zote za kahawia, vifuniko vyote vyeusi, ukubwa mmoja. Hakuna trei iliyokuwa na alama.

"Kadi ziko wapi?"

"Kadi gani?"

"Kanuni inasema trei ikitoka kwenye kujazwa iwe na kadi inayosema kilichomo, na kadi isitoke mpaka chupa ya mwisho ibandikwe lebo."

Malkia alicheka, cheko la mtu aliyeulizwa kama anajua kuogelea ilhali ana mapezi. "Hiyo ni ya viwanda vya watu wasiojua wanachouza. Mama yetu alitulea kwenye manukato haya. Hapa kadi ni hii." Akagusa pua yake. "Trei ikipita dirishani tu, mdogo wangu hata hainui macho kujua kilichomo. Mdogo wangu! Hebu njoo umwonyeshe mgeni."

Mdogo mtu alikuja akifuta mikono. Alikuwa mtu wa sauti ndogo. Alipita mbele ya zile trei kama anayepita mbele ya ndugu zake. "Mchaichai," alisema. "Mkaratusi. Lavenda iliyochanganywa. Hii ni lavenda kali, hiyo isiguswe bado. Mchaichai tena."

Mkaguzi alizifungua chupa moja moja. Mdogo mtu hakukosea hata trei moja.

"Umeona?" alisema Malkia. "Twende ofisini, nikupe chai."

Ofisi ilikuwa kona tu iliyozungushiwa mbao, yenye meza, viti viwili na jiko dogo la umeme nyuma ya kiti cha mwenyeji. Juu ya jiko kulikuwa na sufuria ya maziwa. Malkia alikaa, akaanza kueleza jinsi mama yao alivyoanza na chungu kimoja, na Mkaguzi akasikiliza, na akiwa anasikiliza harufu ya maziwa yanayoungua ikaanza kupanda. Ikapanda ikawa nzito. Mkaguzi alinyanyua mkono kumkatiza, kisha akaushusha. Malkia alikuwa anaendelea kuongea, mgongo wake karibu uguse jiko.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Mdogo mtu aliingia mbio kutoka meza ya lebo, akapita nyuma ya dada yake, akaiondoa sufuria.

"Ala! Maziwa!" alisema Malkia alipoona moshi. "Maneno yamenizidi."

"Yamekuzidi, dada," mdogo mtu alisema haraka, akaondoka na sufuria bila kumtazama Mkaguzi.

Mkaguzi alingoja arudi. Aliporudi, alimwambia aketi.

"Zile chupa za toleo la bibi," alisema. "Nani alibandika lebo siku ile?"

"Mimi," mdogo mtu alijibu kabla swali halijatua. "Ni mimi. Nilikuwa na haraka. Nikachanganya trei mbili, ya mkaratusi na ya lavenda. Ni kosa langu, dada hahusiki."

"Wewe?"

"Mimi."

"Ulinusa maziwa haya ukiwa chumba cha pili, mlango umefungwa, umezungukwa na mchaichai. Kwa pua hiyo ulishindwa kutofautisha mkaratusi na ua?"

Mdogo mtu aliifuta meza kwa kiganja, mahali pasipo na vumbi.

Mkaguzi alitoa vipande vya karatasi nyeupe mkobani. Kimoja alikichovya kwenye chupa, kingine akakichovya mahali pengine, mikono yake ikiwa chini ya meza. Kisha alisimama, akasogea mpaka akawa katikati ya wale ndugu wawili, ili mmoja asimwone mwenzake usoni.

"Malkia, naomba unisaidie. Hii ni nini?"

Malkia alichukua kipande cha karatasi. Alikipitisha chini ya pua kwa madaha, macho yamefumbwa, kidole kidogo kimenyanyuka. Alikawia kidogo.

"Lavenda," alisema. "Iliyochanganywa. Laini."

"Ni maji," alisema Mkaguzi. "Maji yangu ya kunywa."

Mdogo mtu aliinama, akaficha uso wake kwenye mikono.

Malkia alikitazama kile kipande cha karatasi, akakilaza mezani, akakinyoosha kwa kidole kana kwamba kilikuwa kimekunjamana. Aliponyanyua uso, machozi yalikuwa yanateremka, lakini mabega yake yalikuwa yameshuka kama ya mtu aliyetuliwa mzigo.

"Nilipata mafua makali," alisema. "Mafua yakaisha, harufu haikurudi. Nilingoja. Kila asubuhi naamka nanusa mto wangu, hakuna. Nanusa sabuni, hakuna. Nitamwambia nani? Wateja wanakuja kwa ajili ya pua yangu."

"Mimi nilijua," alisema mdogo mtu kwa sauti yake ndogo. "Alipomtilia mgeni chai ya maziwa yaliyoungua, na yeye akainywa yake. Chumba kizima kilinuka moshi, lakini nikaona hata hakushtuka, anaitikia tu. Tangu hapo nikawa nanusa mimi, yeye anasema."

"Na siku ile?"

"Siku ile sikuwepo. Mama alikuwa mgonjwa, nilikwenda kumwangalia."

"Trei mbili zikapita dirishani," Malkia alisema. "Nilizijaza mwenyewe, nikaziweka meza ya lebo. Simu ikalia, nikatoka. Niliporudi sikukumbuka ipi ni ipi. Kadi hazikuwepo, kwa sababu mimi ndiye niliyezipiga marufuku. Nikanusa, kama ninavyonusa siku zote. Kisha nikabahatisha."

"Kwa nini hukumsubiri mdogo wako?"

"Kwa sababu ningekubali kwamba sinusi tena." Alijifuta kwa mkono wa koti. "Ahsante."

Mkaguzi alimtazama. "Kwa lipi? Nakufungia karakana leo. Nitaandika kila ulichosema."

"Andika. Nimechoka kunusa hewa tupu mbele za watu."

Mkaguzi alirudi kwenye kazi. Aliuliza trei zile zilisambazwa wapi. Malkia hakusita. Zilikwenda kwa Bwana Tiba na kwenye saluni moja karibu na stendi, kwingine hapana. Mdogo mtu alikuwa ameshapiga simu kabla hajaambiwa. Mwenye saluni alisema boksi lake bado lina utepe, analitumia kuegemeza mlango. Na wakati bado wako kwenye simu, Bwana Tiba alituma ujumbe. Chupa ya mke wa fundi saa ilikuwa haijafunguliwa. Ya yule wa juu ya duka la rangi ilikuwa imefunguliwa, lakini mwenyewe aliogopa ukali wake akaiweka juu ya kabati.

"Hakuna mtoto mwingine aliyepakwa," alisema Mkaguzi. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile kuketi na kuegemea kiti vizuri.

"Ahsante Mungu," walisema wale ndugu wawili kwa pamoja.

Kabla hajatoka, Mkaguzi alibandika tangazo la kufungwa mlangoni. Alipogeuka, mdogo mtu alikuwa amekaa kwenye meza ya lebo, anakata boksi tupu kwa mkasi, vipande vya mraba, na dada yake anaandika juu ya kila kimoja kwa kalamu nene.

*

Hospitalini, wodi ya watoto ilikuwa na dirisha refu na vitanda vilivyopakwa rangi ya maziwa. Mkwe alikuwa amekaa kando ya kitanda, mtoto amemlalia begani. Alikuwa msichana mwembamba aliyevaa viatu vya kuazima, na alipomwona Mkaguzi alikaza mkono wake mgongoni mwa mtoto.

"Umeshapata?" aliuliza. "Alichanganya chupa, sivyo?"

"Hakuchanganya. Chupa ya magoti haikuwahi kufunguliwa. Aliyoifungua iliandikwa lavenda ya watoto, na alifuata maandishi neno kwa neno. Lebo ndiyo iliyokuwa ya uongo. Tumempata aliyeibandika, amekiri, na chupa zote nyingine tumezikusanya. Polisi nimeshawaambia wafunge jalada la bibi."

Mtoto alikohoa kikohozi kidogo cha kawaida, na mama yake akamgonga mgongoni bila kufikiri.

"Angenusa basi," alisema, lakini sauti haikuwa na nguvu. "Mtu mzima yule, asinuse?"

"Wewe unajua lavenda inanukiaje?"

Mkwe alifikiri. Alifikiri kwa uaminifu, uso umekunjwa. "Sijui," alisema mwishowe.

"Naye hajui. Wengi hatujui. Ndiyo maana tunaandikiwa."

"Kwa hiyo mimi ndiye mbaya."

"Mimi kazi yangu ni chupa," alisema Mkaguzi. "Hayo mengine ni ya nyumbani kwenu. Yupo nje. Amekaa kwenye benchi, anaogopa kuingia."

Mkwe aliinuka. Hakuweka mtoto kitandani, alikwenda naye hadi kwenye mlango wa wodi na kuufungua kwa kiwiko. Bibi alikuwa pale kwenye benchi la mbao karibu na jirani yake, mkoba magotini, amekaa wima kama mtu anayesubiri kuitwa kwa jina. Alipowaona alisimama, lakini hakusogea.

"Mama," alisema mkwe. "Nilikwambia maneno mabaya."

"Uliniambia."

"Mbele za watu."

"Mbele za watu, na kwa sauti. Yule kiziwi wa nyumba ya pili alitoka kuuliza kuna nini." Jirani alikohoa kuficha kicheko. Bibi hakucheka. "Lakini, mwanangu, uliyasema huku unakimbia. Mtoto mkononi, kiatu kimoja mguuni, kingine kimebaki njiani. Mimi nilikuwa bado nimesimama pale na chupa, nasoma lebo upya, natafuta nimekosea wapi. Ungesimama unisikilize..." Alitikisa kichwa. "Hukunisikiliza. Nimekaa hapa tangu mchana nikitaka kuingia nikwambie ahsante."

Mkwe alimtoa mtoto begani, akamnyoosha mbele yake kwa mikono miwili.

Bibi aliutupa mkoba kwenye benchi.

"Kichwa, mama," alisema mkwe, kwa mazoea. "Shika kichwa."

"Nimeshika," alijibu bibi.